Rekodi za Katiba, Kilosa hadi Mikumi

Rekodi za katiba duniani ni rahisi kuzitaja. Ya India ndiyo ndefu kuliko zote za mataifa huru. Ya Marekani, iliyoandikwa 1787, imesahihishwa mara 27 tu na bado inatawala. Ya Uingereza haimo katika kitabu kimoja. Mkulima wa Kimamba au mfugaji wa Parakuyo hana haja na mashindano hayo. Katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, katiba hupimwa kwa swali moja: ardhi hii ni ya nani, na nani alikuwa na ruhusa ya kuitia saini? Rekodi zifuatazo zimechaguliwa kwa kipimo hicho.

Saini ya gharama kuliko zote

Hii haina mpinzani. Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msowero katika nchi ya Usagara, Mjerumani Carl Peters, kijana wa miaka 28, alipata alama ya Chifu Mangungo kwenye karatasi iliyoitwa mkataba wa urafiki wa milele. Kwa karatasi hiyo, iliyoandikwa kwa Kijerumani, chifu alihesabiwa kuwa ameitoa nchi yake pamoja na haki zote za kuitawala. Humo ndani anatamkishwa pia kwamba hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata habari zake hana. Ajabu, kwa mtu wa nchi iliyokatizwa na misafara ya Bagamoyo! Ndani ya wiki chache tu Peters alikuwa amekusanya karatasi za namna hiyo kutoka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, na tarehe 27 Februari 1885 Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi. Koloni likaanzia hapo.

Katiba haikuwa, lakini kazi yake ilikuwa ileile: kusema nani anatawala, wapi, na kwa idhini ya nani. Mpaka leo mbunge akitaka kuukashifu mkataba wa madini au wa bandari, hulitaja jina la Mangungo. Naona mzee huyo anaonewa. Yeye alitia alama kwenye lugha asiyoisoma. Wengi waliosaini mikataba mibovu baada yake walikuwa wamesoma, tena hadi ng'ambo.

Msowero ya leo ina ulinzi ambao Mangungo hakuwa nao. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, mwenyekiti hawezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji kwa kalamu yake peke yake. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, lazima ipeleke jambo hilo kwenye mkutano mkuu, ambako kila mkazi mtu mzima ana sauti. Si kwamba ujanja umekwisha. Umelazimika tu kupita kwenye muhtasari wa kikao.

Iliyodumu mwaka mmoja, na ya muda isiyokwisha

Katiba ya Uhuru ya Tanganyika ilianza 9 Desemba 1961 na mwaka mmoja baadaye, siku ileile, ikapisha Katiba ya Jamhuri. Hiyo ndiyo iliyokufa mapema kuliko zote. Kinyume chake, Katiba ya Muda ya 1965, iliyoweka mfumo wa chama kimoja, ilikaa na jina lake la muda kwa miaka 12. Tuliyo nayo ilianza kutumika 26 Aprili 1977, miezi michache baada ya vyama vya TANU na ASP kuungana kuwa CCM. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa 1964, imeizidi umri kwa miaka 13.

Katika miaka hiyo ya chama kimoja, mpiga kura wa Kilosa alikuta kwenye karatasi wagombea ubunge wawili wa chama kilekile, mmoja na alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Mawaziri walianguka kwa jembe na nyumba, tusidharau. Ila rais alikuwa mmoja, ndiyo au hapana.

Ibara zinazogombana kuliko zote

Haki za binadamu ziliingia katika Katiba kwa marekebisho ya 1984 tu, na mahakama zikaanza kuzisikiliza 1988. Kati ya ibara hizo, mbili zimekuwa na kazi nzito Kilosa. Ya 17 inampa raia uhuru wa kwenda na kuishi popote katika Jamhuri. Ya 24 inalinda mali. Mfugaji aliyeingia na ng'ombe wake kutoka mbali yuko nchini mwake. Mkulima wa mpunga katika bonde la Mkondoa naye yuko shambani mwake. Kila mmoja ana ibara yake mfukoni, na ng'ombe hawajasoma hata moja.

Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua katika kesi ya Lohay Akonaay kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24. Kwa wanavijiji wengi nchini, nadhani hakuna uamuzi wa mahakama uliowahi kuwagusa zaidi. Haukusema, hata hivyo, nani mwenye kipande kinacholimwa masika na kuchungwa kiangazi. Tarehe 8 Desemba 2000 mvutano huo ulifika kilele katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni: wakulima 38 waliuawa. Hiyo ni rekodi ambayo wilaya ingefurahi kuipoteza.

Na nafasi haikufinywa na wakulima na wafugaji peke yao. Mashamba ya mkonge yaliyoanzishwa zama za ukoloni yalishika udongo mzuri, mengine yakabaki mapori yenye hati. Kuzifuta hati hizo ni kazi ya Rais, kwa sababu kisheria ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, naye ndiye mdhamini.

Maprofesa wawili

Sijui wilaya nyingine yenye bahati hii. Mwaka 2015 jimbo la Mikumi lilimchagua Joseph Haule wa Chadema, Profesa Jay, yule aliyekuwa ameshawacheka wanasiasa wa ahadi hewa katika wimbo "Ndiyo Mzee". Bila marekebisho ya nane ya 1992, yaliyoruhusu vyama vingi, asingekuwa na tiketi. Na marekebisho hayo yalikuja ingawa takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni mbele ya tume ya Jaji Nyalali huyohuyo walitaka chama kimoja kiendelee. Wachache walishinda.

Mwaka 2020 jimbo la Kilosa likampata Palamagamba Kabudi, profesa wa sheria kwa kweli, aliyekuwa mjumbe wa Tume ya Warioba, iliyoandaa rasimu ya katiba mpya. Rasimu ya tume hiyo ilitaka waziri asiwe mbunge. Hata hivyo, kabla ya uchaguzi huo, Januari 2017, Kabudi aliteuliwa mbunge na Rais, Machi akawa Waziri wa Katiba na Sheria, mwaka huohuo akaongoza mazungumzo na kampuni ya Barrick kuhusu madini.

Ibara inayosomwa kwa mwendo wa kasi

Ibara ya 27 inamtaka kila mtu alinde maliasili. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapasua hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na dereva wa lori anakumbushwa wajibu huo kwa matuta na faini.

Kusubiri kurefu kuliko kote

Katiba ilirekebishwa mara 14 kati ya 1977 na 2005, kisha ikatulia. Kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa, iliyokusudiwa kuchukua nafasi yake, ilipangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, haikupigwa. Mtoto aliyezaliwa Kilosa mwaka wa marekebisho ya mwisho alipata haki ya kupiga kura 2023. Ubunge anaruhusiwa kuuomba akitimiza miaka 21, yaani 2026, urais, 2045. Kwa vyote viwili lazima awe na kadi ya chama, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilishaamua Juni 2013, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba sharti hilo linavunja haki za raia.