Tiketi ya urais: Njia zimebadilika, mwanachama bado hana kura

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia, wanachama wa vyama vya kisiasa mjini Timau, Kaunti ya Meru, huitwa kwenye kura za mchujo. Mkulima wa ngano, kibarua wa shamba la maua na mchuuzi wa viazi kando ya barabara ya Nanyuki kuelekea Meru husaidia kuamua nani atapeperusha bendera ya chama katika wadi na katika eneobunge la Buuri.

Lakini tiketi ya urais, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, hutolewa mbali nao. Mara nyingi hutolewa katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Timau, na wajumbe ambao mwanachama wa kawaida hawafahamu hata kwa majina.

Je, vyama vya Kenya vimekuwa vikimteuaje mwaniaji urais, na kwa nini mwanachama angali anatazama kwa mbali?

Katika enzi za Mzee Jomo Kenyatta, swali hilo halikuwa na uzito. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 1968 yaliwafungia mlango wagombea huru, na chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku Oktoba 1969. Kiongozi wa Kanu akabaki mwaniaji wa pekee, akatangazwa mshindi bila kura ya urais kupigwa.

Mzee Kenyatta alipofariki Agosti 22, 1978, utaratibu ulikuwa ule ule. Daniel arap Moi aliidhinishwa kuwa rais wa Kanu bila kupingwa mwezi Oktoba, na kwa njia hiyo akawa Rais wa taifa. Uongozi wa chama ndio uliokuwa mlango wa Ikulu.

Kinaya kikubwa kilionekana mwaka 1988. Wanachama wa Kanu walipanga milolongo nyuma ya waniaji wa ubunge, na aliyepata asilimia 70 au zaidi ya waliopanga foleni alihesabiwa kuwa amechaguliwa moja kwa moja. Wa urais hakuwa na mlolongo. Hakukuwa na wa kushindana naye.

Mfumo wa vyama vingi uliporejea Desemba 1991, wengi walitarajia mambo yangebadilika. Badala yake, suala la uteuzi ndilo lililochangia pakubwa kukivunja chama cha FORD. Kenneth Matiba alitaka kila mwanachama apige kura kumchagua mwaniaji urais. Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walishikilia kwamba kazi hiyo ni ya wajumbe.

Hakuna aliyekubali kulegeza msimamo. Kabla ya mwaka 1992 kwisha kulikuwa na FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Matiba. Katika uchaguzi wa Desemba 29, wawili hao walipata kwa jumla zaidi ya kura milioni 2.3, ilhali Moi alishinda kwa takriban kura milioni 1.96. Haiwezi kusemwa kwa hakika kwamba kura zote hizo zingemwendea mtu mmoja. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba kutokubaliana kuhusu njia ya uteuzi kuliwagharimu wapinzani pakubwa.

Miaka kumi baadaye ilikuwa zamu ya Kanu kuvunjika kwa sababu iyo hiyo. Mnamo Julai 2002, Rais Moi alimtaja Uhuru Kenyatta kuwa chaguo lake. Wajumbe waliokutana Kasarani Oktoba 14 mwaka huo waliitwa kuidhinisha jina ambalo tayari lilikuwa limetolewa. Siku iyo hiyo katika bustani ya Uhuru Park, Raila Odinga alitamka kwamba Kibaki anatosha, na muungano wa NARC ukapata mwaniaji wake.

Umati ulishangilia, na Mwai Kibaki akashinda kwa asilimia 62. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba hata yeye hakuteuliwa kwa kura ya wanachama. Aliteuliwa kwa maafikiano ya vigogo, na mkataba walioafikiana baadaye ukawa chanzo cha mgogoro serikalini.

Mfano wa kinyang'anyiro halisi ulishuhudiwa Septemba 1, 2007, ODM ilipokutana Kasarani. Raila alipata kura 2,656 za wajumbe, Musalia Mudavadi 391 na William Ruto 368. Joseph Nyagah, mbunge wa Gachoka kutoka upande wa Embu, pia alikuwa debeni. Walioshindwa walikubali matokeo na wakabaki chamani. Ni funzo kwamba kura inapopigwa na kuhesabiwa, hata mshinde hupata sababu ya kutohama.

Baada ya hapo Katiba ya 2010 ilileta masharti mapya. Ibara ya 138 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Nia ilikuwa njema: Rais awe wa nchi nzima, wala si wa eneo moja.

Matokeo yake yasiyotarajiwa ni kwamba chama kimoja hakijitoshelezi tena. Vyama sharti viungane kabla ya uchaguzi, na miungano haina daftari moja la wanachama. Kwa hivyo uteuzi ulihama kutoka kwa chama ukaenda kwenye meza ya mazungumzo. Mnamo Desemba 2012, Uhuru alitia saini mkataba wa kumwachia Mudavadi tiketi ya Jubilee, kisha akaukana hadharani. Mwaka 2017, NASA ilimtangaza Raila baada ya mashauriano ya vinara wake.

Mnamo Machi 2022, makongamano ya Azimio na UDA yalifanyika kwa kupishana siku chache. Raila, ambaye alifariki Oktoba 2025, na Ruto waliidhinishwa bila ushindani.

Meru inaifahamu vyema hali hii. Chama cha APK chake Kiraitu Murungi kilimuunga mkono Uhuru mwaka 2013, kisha kikavunjwa na kumezwa na Jubilee mwaka 2016. Mwaka 2022, chama chake kipya cha DEP kilikuwa ndani ya Azimio. Mwanachama wa Buuri alihamishwa kutoka kwa mwaniaji mmoja hadi mwingine bila kuulizwa.

Wanaotetea wajumbe wana hoja zao. Kura ya wanachama wote ni ghali, na daftari za vyama haziaminiki. Mnamo Juni 2021, Wakenya wengi waligundua kwamba walisajiliwa katika vyama wasivyovijua. Chama kisichojua wanachama wake ni akina nani hakiwezi kuwapa kura bila kuwaalika wapinzani kumchagulia mwaniaji.

Lakini wajumbe pia hawana dhamana ya kuwa na sauti. Nchini Tanzania, mwaka 2015, CCM ilichuja waombaji 38 hadi watano, kisha watatu, ndipo mkutano mkuu ukampigia kura John Magufuli. Mnamo Januari 2025, mkutano mkuu wa chama icho hicho ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan bila fomu wala mshindani. Ukumbi ni ule ule wa Dodoma, ila uzito wa mjumbe si ule ule.

Marekani ilipitia mvutano kama huu. Mnamo 1968, chama cha Democratic kilimteua Hubert Humphrey mjini Chicago ingawa hakushiriki kura za mchujo. Ghasia na malalamiko yaliyofuata yalikilazimisha chama kubadili kanuni, na kuanzia 1972 kura za mchujo zikawa ndizo zinazoamua.

Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2022 yanaruhusu njia zote mbili, ya wanachama na ya wajumbe. Chama ndicho huchagua. Kwa hivyo, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, mwanachama wa Timau ana maswali matatu ya kuuliza katika ofisi ya tawi: Je, jina langu limo kwenye daftari? Nani aliwachagua wajumbe wa Buuri, na lini? Na wakifika Kasarani, wataenda kuchagua au kupiga makofi?