Nani Anayekula Umeme Nyumbani?

Katika nyumba nyingi za Didia, na hali kadhalika mjini Shinyanga, yuniti za LUKU zikiisha kabla ya siku zake mtuhumiwa wa kwanza ni taa, na watoto ndio wanaogombezwa kwa kuiacha ikiwaka. Ndugu msomaji, shitaka hilo mara nyingi si la haki.

Yuniti moja ni umeme unaotumiwa na chombo cha wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Taa ya LED ya wati 9 yaweza kuwaka zaidi ya saa 100 kabla ya kuimaliza. Walaji wakubwa ni vyombo vinavyotoa joto.

Hata hivyo, yafaa tutofautishe nguvu ya chombo na jumla ya umeme kinaoutumia. Birika la wati 2,000 huwatisha wengi, lakini huchemsha lita moja ya maji kwa dakika tatu au nne na kutumia kiasi cha sehemu ya kumi ya yuniti. Jiko la koili la wati 1,000, ambalo huonekana pole, likipikia maharage kwa saa tatu limekwisha kula yuniti 3. Hatari ya birika iko kwenye waya. Likichomekwa pamoja na pasi na jiko hilo katika waya mmoja wa kuongezea, kwa volti 230 jumla hupita ampea 17, ilhali plagi ya kawaida ya pini tatu imekusudiwa ampea 13.

Sasa tufanye hesabu ya mfuko. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa kundi D1 hulipa shilingi 100 kwa kila yuniti hadi 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Yuniti 75 ni mbili na nusu kwa siku. Taa nne za LED kwa saa tano hazifiki hata robo ya yuniti. Televisheni ya wati 60 kwa muda huo huo ni 0.3; jokofu dogo tukadirie yuniti moja. Iliyobaki ni moja tu, na maharage ya koili yanataka tatu! Anayependa kupikia umeme atazame sufuria ya presha, kwani hufunga mvuke ndani na kuivisha kwa muda mfupi zaidi.

Jokofu nalo likaguliwe mpira wa mlango. Uliochakaa huingiza joto, na mashine huunguruma usiku kucha hali wenye nyumba wamelala.