Ufunguo Haupigwi Tupa Ubavuni

"Fundi, si upige tupa tu mpaka uingie?"

Swali hili nimeshalijibu kwa upole vya kutosha. Anayeuliza kwa kawaida ameshazunguka Kariakoo nzima na ufunguo wake, kila kibanda kimemwambia wa aina hiyo hakuna, na sasa ananyooshea kidole ufunguo mmoja uliotundikwa ukutani: "Huu si unafanana?" Unafanana, ndiyo. Hauingii.

Wateja wengi hutazama meno. Meno ndiyo sehemu rahisi, mashine huyamaliza kwa muda mfupi. Ugumu uko kwenye mifereji inayopita ubavuni kwa urefu wa ufunguo. Shika wako sasa hivi, ncha ikutazame machoni, uone umbo lake lilivyojipinda. Umbo hilo hutoka kiwandani. Sisi wa vibandani tunanunua funguo zikiwa nalo tayari, kazi yetu ni kuongeza meno. Ndiyo maana kitasa chenye tundu lisilo la kawaida kinatusumbua: funguo zisizo na meno za umbo lake hakuna aliyeziagiza.

Imani iliyoenea ni kwamba mifereji ipo kuzuia ufunguo mgeni usiingie, basi ukishaingia kwa nguvu ya tupa mambo yamekwisha. Hiyo ni nusu ya habari, na nusu iliyosahauliwa ndiyo inayowaponza watu. Mifereji hiyohiyo ndiyo inayoubeba ufunguo ndani ya kitasa. Kwenye silinda, sehemu ya kitasa inayopokea ufunguo, kuna pini, na nyuma ya kila pini kuna springi inayoukandamiza ufunguo. Ufunguo hautetereki kwa sababu umekalia kingo zilizomo tunduni. Ukiupanua mfereji, unakosa pa kukaa: unashuka, unalala upande, na meno yote yanashuka pamoja nao, hata kama mashine iliyachonga bila kosa.

Kwani unashuka kiasi gani? Katika vitasa vya Schlage vya Marekani, tofauti kati ya kina kimoja cha jino na kinachofuata ni milimita 0.38. Kwikset wao wana nafasi zaidi, 0.58. Nusu ya hapo inatosha kitasa kigome, na tupa ya mkono, mteja akiwa amekusimamia anahimiza, haijui nusu ya hapo ni nini.

Mara nyingine ufunguo uliokwanguliwa hukubali, na hapo ndipo sifa za uongo zinapoanzia. Unafungua ukiutikisa, ukiuinua kidogo, ukiurudisha nyuma nusu. Mwenye nyumba anamsifu fundi. Kumbe ubavu umebaki mwembamba, na pale penye jino lililozama karibu na kichwa ndipo nguvu yote ya kuzungusha inapoangukia. Siku unapokatika, kipande kinabaki ndani, na aghalabu mwenyewe yuko nje. Kisha naletewa silinda imejaa unga wa shaba na mafuta ya kupikia.

Sisemi tupa ni haramu. Kuna ufundi halali wa kupata meno kwa kusoma alama ambazo pini zinaacha kwenye ufunguo, lakini huanza na ufunguo wenye mifereji sahihi. Kufupisha ncha ya ufunguo wa pini sita ili utumike kwenye kitasa cha pini tano cha umbo lilelile, sawa. Na zile funguo ndefu za zamani zenye jino pana mwishoni, fundi hodari huziunda kwa mkono tangu mwanzo. Ubavu wa ufunguo wa silinda, hapana.

Ya kufanya basi, kwa haraka. Soma kichwa cha ufunguo. Ukikuta jina la mtengenezaji wa funguo kama Silca au JMA na namba, hiyo ni nakala na namba ni dhahabu: katalogi zao zina michoro ya maumbo, na namba ya mmoja hulinganishwa na ya mwenzake. Lete ufunguo halisi. Ukilazimika kutuma picha, piga ncha, si ubavu. Kama kitasa ni Abloy, EVVA au Mul-T-Lock na kilikuja na kadi, usizunguke vibandani, nenda na kadi kwa wakala. Kufuli la bei ndogo, nunua jingine. Mlango wenye silinda inayochomoka, badilisha silinda peke yake: kuna skrubu moja ndefu kwenye ukingo wa mlango, ifungue, ingiza ufunguo, uzungushe kidogo mpaka kijino cha katikati kilale sawa, vuta. Pima kutoka tundu la skrubu hadi kila mwisho, maana pande mbili huenda zisilingane. Mpya inakuja na funguo zake.

Na kama umebakiwa na ufunguo mmoja tu, uje nao wiki hii, kabla mtu hajaukwangua.