Usibandue stempu kwenye hati ya mzee wako

MZEE mmoja jirani yangu hapa Ngagara aliniletea hivi karibuni hati ya mauziano ya kiwanja, iliyoandikwa kabla ya mwaka 1972. Alikimbia nayo, akaihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni miaka yote ya ukimbizini, akarudi nayo.

Pembeni ilibandikwa stempu ndogo, na juu yake mtu alipitisha kalamu ya wino. “Mwalimu,” aliniambia, “mjukuu wangu anasema tuibandue tuwauzie wazungu. Ila naona waliiharibu kwa kuichorachora.”

Nilimwomba asiiguse. Ule mchoro haukuwa uharibifu. Ndio uliokuwa na kazi kubwa kuliko stempu yenyewe.

Stempu ya aina hii, ambayo hapa Burundi tunaiita tembre, si ya barua. Ni alama kwamba ushuru wa hati umelipwa. Uholanzi ilianza kutoza ushuru huo mwaka 1624, Uingereza ikafuata mwaka 1694. Wakati huo karatasi yenyewe ndiyo iliyogongwa mhuri. Stempu za kubandika zilikuja baadaye. Wakoloni walizileta kwetu kwa ajili ya stakabadhi, mikataba na hati za mauziano.

Kwa nini zilichorwa?

Stempu isiyo na alama ingeweza kubanduliwa na kutumiwa tena, na serikali ikakosa fedha yake. Kwa hiyo ilibidi iuawe. Njia ya kwanza ni kuandika sahihi au herufi za jina pamoja na tarehe, wino ukivuka kutoka kwenye stempu hadi kwenye karatasi. Ya pili ni kugonga mhuri wa ofisi, nusu juu ya stempu na nusu nje. Ya tatu ni kuitoboa.

Wino ule unaovuka ndio unaofunga stempu na karatasi yake. Ukiibandua, mstari unakatika, na unabaki na vipande viwili visivyosema lolote.

Nchini Tanzania, nilikosomea nikiwa mtoto wa mkimbizi, Sheria ya Ushuru wa Stempu ya mwaka 1972 inasema kwamba hati inayopaswa kulipiwa ushuru haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe.

Stempu inapotaja umri

Stempu pia hufichua uongo. Ruanda-Urundi ilikwisha tarehe 1 Julai 1962. Burundi ikawa ufalme hadi tarehe 28 Novemba 1966, ndipo ikawa jamhuri. Mtu akikuletea hati anayodai iliandikwa na kulipiwa mwaka 1958, kisha stempu yake inasema “Royaume du Burundi”, muulize vizuri. Stempu ya zamani inaweza kutumika baada ya wakati wake kwa sababu ilibaki kwenye droo. Ya baadaye haiwezi kutangulia.

Kuhusu biashara, mjukuu asidanganyike. Kuanzia mwaka 1922 Kenya na Uganda zilitoa stempu za Mfalme George wa Tano zilizofaa kwa barua na kwa ushuru, kuanzia senti 1 hadi pauni 100. Zile za bei kubwa zilitumika zaidi kwenye hati. Kwa wakusanyaji, yenye alama ya kalamu huwa na bei ya chini sana kuliko yenye mhuri wa posta, hata matapeli huosha wino na kugonga mihuri ya uongo.

Nilimweleza mzee ukweli wote. Tembre haithibitishi kwamba kiwanja ni chake. Inaonyesha tu kwamba ushuru wa hati ulilipwa, na tarehe iliyo juu yake inaonyesha lini. Lakini kwa sisi tuliorudi na kukuta watu wengine kwenye ardhi zetu, tarehe moja yenye wino si kitu kidogo.

Kama una hati ya namna hiyo, usiioshe, usiigundishe kwa selotepu, usiibandue kitu. Toa nakala, pande zote mbili, kisha uiweke mahali pakavu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee aliikunja hati yake na kuirudisha kwenye mfuko wa nailoni. Safari hii mjukuu ndiye aliyeubeba.