Osileta ya Fuwele Iliyonyamaza: Njia ya Kutafuta Kosa

Osileta ya fuwele ni mtambo mdogo wa umeme ambao kazi yake ni kuzaa mtetemo wa kasi moja isiyobadilika. Moyo wake ni kipande chembamba cha jiwe la kwazi kilichofungwa ndani ya kibati. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua ya kwamba mawe ya namna hii yakibanwa hutoa umeme. Na baadaye ikathibitika kwamba yakitiwa umeme hujikunja. Mapema katika miaka ya 1920, Walter Cady wa Marekani aliitumia tabia hiyo kuimarisha masafa ya redio.

Mtetemo wa fuwele peke yake hufifia, kama bembea isiyosukumwa. Transista ndiyo msukumaji: huukuza mtetemo mdogo, na kapasita mbili hurudisha sehemu yake kwenye fuwele kwa wakati ufaao. Basi mtambo ukinyamaza, ama umeme haufiki, ama transista haikuzi, ama marejesho yamekatika, ama fuwele yenyewe imekufa.

Kwa fundi aliyeko Kihurio, uwandani chini ya milima ya Upare ya Kusini, mpango wa kuchunguza mambo hayo manne una uzito wake. Fuwele aliyo nayo huenda ni moja tu, iliyotolewa katika chombo kibovu, na kupata nyingine kwaweza kumgharimu safari ya kwenda Moshi au Tanga. Akiishuku kwanza, ataing'oa na kuilehemu mara kwa mara, hata ile iliyokuwa nzima iharibike kwa moto. Kwa hiyo fuwele haina budi kuwa ya mwisho kushukiwa.

Na uchukuliwe mfano wa mtambo wa betri ya volti 9. Kolekta ya transista imeungwa na upande chanya wa betri. Rezista mbili za kiloomu 47 zinagawa umeme kwenye beisi. Rezista ya kiloomu 2.2 inatoka emita hadi upande hasi. Kapasita moja ya pikofaradi 150 iko kati ya beisi na emita, na ya pili, ya kiasi hicho hicho, kati ya emita na upande hasi. Fuwele ya megahezi 7 iko kati ya beisi na upande hasi.

Kwanza, betri ipimwe mtambo ukiwa umewashwa, kwa maana betri iliyochoka huonyesha volti nzuri isipokuwa na kazi, kisha huanguka ikianza kazi.

Pili, fuwele ikiwa imetolewa kwa uangalifu, beisi ipimwe: iwe karibu na volti 4, na emita iwe chini yake kwa kadiri ya volti 0.6 au 0.7. Vipimo hivi visipopatikana, miguu ya transista itazamwe. Ubapa ukimwelekea fundi na miguu ikiwa chini, BC547 ina kolekta kushoto na emita kulia. 2N3904 ni kinyume chake. Aliyebadilisha moja kwa nyingine bila kuigeuza amejitia katika kosa hili.

Tatu, maandishi ya kapasita yasomwe vizuri. Tarakimu ya tatu ni hesabu ya sifuri. Kwa hiyo 151 ni pikofaradi 150, bali 150 ni pikofaradi 15 tu, na 154 ni pikofaradi 150,000. Waya ndefu nazo zifupishwe, na viungo vya lehemu visivyoshika virudiwe.

Hapo ndipo fuwele ijaribiwe. Redio ya mawimbi mafupi inayofika masafa hayo iwekwe karibu. Mtambo ukifanya kazi, mvumo wa redio hutulia ghafla sindano ifikapo mahali pake. Fuwele ikiondolewa na utulivu ukabaki, mtetemo huo si wa fuwele. Tena, fuwele iliyoandikwa megahezi 27 aghalabu hutetema karibu na megahezi 9 katika mtambo mwepesi kama huu, kwa kuwa imetengenezwa itumike katika mtetemo wake wa tatu. Hiyo si mbovu. Itafutwe penye masafa yake.

Masafa yakipotoka kidogo mchana wa jua kali, isidhaniwe kuwa ni maradhi. Sehemu 20 katika milioni, kwa megahezi 7, ni hezi 140 tu.

Mwisho, mtambo huu usiungwe na antena ili kurusha mawimbi bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mezani, kwa waya fupi, unatosha kumfundisha fundi ya kwamba kipimo kimoja kilichofanywa kwa zamu yake huokoa kitu ambacho pupa ingekiteketeza.