Tumwitapo Mtu Kichaa

Hakuna taifa lisilo na maneno ya mzaha ya kumwita mtu kichaa. Mwingereza akitaka kusema kwamba fulani hana akili timamu, husema kuwa ana popo katika mnara wa kanisa lake, au kwamba parafujo yake moja imelegea. Mfaransa naye husema kuwa mwenzake ana buibui darini, au kwamba ameingia ufa kama chungu. Na sisi je? Sisi twasema hamnazo, twasema punguani, twasema nati zimelegea. Na vijana wa siku hizi, waliokulia katika nyumba zenye televisheni, husema dishi limeyumba. Nati yetu na parafujo ya Mwingereza bila shaka zimetoka karakana moja.

Hata hospitali hazikusalimika. Waingereza walilichukua jina la hospitali ya Bethlem ya London, iliyoanzishwa mwaka 1247, wakaligeuza kuwa neno la ghasia na makelele. Wafaransa walimwombea mtu safari ya Charenton, karibu na Paris. Nasi humwambia mwenzetu kwamba anafaa kupelekwa Mirembe, kule Dodoma, kana kwamba kutibiwa ni aibu.

Haya yote ni mzaha, na mzaha hauui. Lakini upo usemi mmoja wa Kiingereza ambao watu wa nchi ya dhahabu hawana budi kuusikiliza kwa makini. Waingereza husema: kichaa kama mtengeneza kofia. Wataalamu wa lugha wanabishana juu ya asili ya maneno hayo. Ugonjwa wenyewe haubishaniwi. Katika viwanda vya kofia vya Ulaya na Marekani manyoya yalilainishwa kwa dawa yenye zebaki, na wafanyakazi waliuvuta mvuke wake mwaka baada ya mwaka. Mikono ikatetemeka, kumbukumbu ikapotea, mtu mpole akawa mkali au akaona haya hata mbele ya watoto wake. Katika mji wa Danbury, Marekani, mtetemeko huo ulipewa jina la mji wenyewe. Zebaki haikuondolewa katika kazi hiyo mpaka mwaka 1941. Watu walicheka, na matajiri wa viwanda wakauza kofia.

Sasa twende Nyarugusu ya Geita (si ile ya Kasulu yenye kambi ya wakimbizi kutoka Kongo, ambako buibui wa Mfaransa angepata wasikilizaji wengi). Hapa jiwe husagwa kwenye karasha, unga wake ukaoshwa, kisha zebaki ikatiwa ili ikamate dhahabu. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, mara nyingi kwa mikono mitupu, halafu huchomwa motoni. Zebaki yapanda hewani, dhahabu yabaki. Aliyeinama juu ya moto huo huvuta kilekile alichovuta mtengeneza kofia. Na kama moto umewashwa uani, mama na watoto huvuta pamoja naye. Katika kijiji jirani cha Rwamagasa, wataalamu waliotumwa na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipima wachimbaji, wakakuta dalili za sumu ya zebaki, hasa kwa wachomaji.

Basi mchomaji akianza kutetemeka mkono, akasahau alichotumwa, akagombana na kila mtu, kijiji husemaje? Mlevi huyo. Karogwa huyo. Dishi limeyumba. Hakuna aulizaye: ndugu, umechoma zebaki miaka mingapi? Hivyo mgonjwa wa kazi hupelekwa kwa mganga, au huachwa azurure sokoni, na dhahabu yake imekwisha kupimwa kwenye mizani ya mnunuzi.

Serikali yetu iliuridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Mkataba hauwezi kuusimamia moto wa uani. Wakaguzi wa migodi, matawi yetu na vyama vya wachimbaji wanaweza. Wahakikishe kwamba uchomaji unatoka majumbani, kwamba mchomaji anapimwa zahanati, na kwamba kila mahali pa kuchomea pana chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba la kuurudisha mvuke uwe zebaki tena. Chombo hicho ni rahisi kuliko karasha, na zebaki iliyonaswa hutumika mara ya pili.