Je, Wajua? Nyongeza kwa Kiingereza

Je, wajua kwamba ukimwambia bosi "Please raise me", umemwomba akulee? Mbele ya Mmarekani omba "a raise". Mbele ya Mwingereza, "a pay rise". Kijana wa Babati aliyeajiriwa kwenye hoteli za watalii kule Tarangire anaweza kukutana na wote wawili kabla ya chai ya saa nne.

Je, wajua kwamba "I am expecting" ikikomea hapo ni habari ya ujauzito? Malizia sentensi, hasa kama wewe ni mwanamume.

Je, wajua kwamba BBC ina mchezo wa redio wa kufundisha Kiingereza cha ofisini, ambamo Anna anafanya kazi Tip Top Trading, kampuni inayouza matunda ya plastiki? Upuuzi huo umekusudiwa. Vicheko vinafundisha kuliko viboko, na Babati viboko wana ziwa lao.

Je, wajua kwa nini wengi huingia kwa bosi kuomba nyongeza wakatoka na adivansi? Tazama tunavyoanza. Hodi, shikamoo mzee, habari za nyumbani, mvua za Magugu zimekuwaje. Kisha ada ya mtoto, kodi ya nyumba, na mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Dareda. Mzee anaguswa, anavuta droo, anahesabu elfu hamsini, na mwisho wa mwezi anaikata yote. Umepeleka shida, umepewa dawa ya shida. Kiingereza cha kazini hutanguliza kazi: "I now handle all the bookings. I would like to discuss my salary." Halafu unanyamaza. Hapo ndipo penye mtihani, maana ulimi unawasha kuongeza "but no problem, boss", na ukishaitamka hiyo, rudi tu mapokezi.

Salamu usiziache, lakini. Bosi wa Manyara asiyeamkiwa hasikii Kiingereza cha aina yoyote.

Je, wajua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na usipoyaelewa ahakikishe unaelezwa kwa namna unayoielewa? Kwa hiyo usisaini kurasa za Kiingereza kwa kuona aibu. Sheria hiyohiyo inataka ovataimu ilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida.

Je, wajua kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 Julai 2025? Cha sekta binafsi kilitangazwa kupanda kutoka 275,060 hadi 358,322, kuanzia 1 Januari 2026, ingawa kila sekta ina kiwango chake. Angalau mwaka huo Njaanuari ilikuja na kitu mkononi.

Je, wajua kwamba Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwamo ya kukatwa mshahara? Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisa hiki usimsimulie bosi siku ya kuomba nyongeza.